Diski Ikisema Imeandika

Tuseme chama cha akiba na mikopo kinataka mfumo wake usilale. Wanachama wanaweka na kutoa fedha mchana kutwa, matawi yote yanategemea hifadhidata moja iliyoko makao makuu Dar es Salaam, na bodi imekubali kununua seva mbili zitakazofanya kazi kama klasta, ili moja ikianguka ya pili ichukue kazi. Kununua seva ni jambo jepesi. Ugumu uko kwenye diski: ziwekwe wapi, zipangwe vipi, na nani aaminiwe anaposema muamala umeshaandikwa. Ubishi huu nimeusikia ukirudiwa katika vyumba vingi vya seva, na kila upande una hoja zinazostahili kusikilizwa hadi mwisho, kwa hiyo nimeupanga kwa sauti tatu. Fundi ni mtu mzima ambaye kazi yake ya miaka yote ni makabati ya diski. Msimamizi ni dada anayeitunza hifadhidata yenyewe. Mkaguzi ni mama wa hesabu, ametumwa na bodi, na hasaini karatasi asiyoielewa. Mfumo wao unatumia SQL Server juu ya Windows Server, ingawa watu wa Oracle na PostgreSQL watajitambua humu pia.

FUNDI: Mama, nianze na umbo lenyewe. Tunanunua kabati moja la diski na kuziunganisha seva zote mbili nalo. Hifadhidata inakaa kabatini. Seva A ikiwa hai, yenyewe ndiyo inayozimiliki diski, B inasubiri. A ikifa, B inazichukua diski zile zile, inasoma logi, yaani daftari la mabadiliko yote, inakamilisha miamala iliyothibitishwa na kuitengua iliyokatikia njiani, kisha kazi inaendelea. Data ni moja tu. Hakuna siku utakayoulizwa salio lipi ndilo la kweli.

MKAGUZI: Na kabati lenyewe likifa?

FUNDI: Lina vidhibiti viwili na pawa saplai mbili, na kila seva inalifikia kwa njia mbili zinazopita swichi mbili tofauti. Diski moja ikifa ndani yake, matawi hayatajua.

MSIMAMIZI: Mzee wangu, umetaja viwili viwili vingi, lakini data umeiacha moja. Mimi nasema kila seva iwe na diski zake. A inaandika, inaipelekea B logi kupitia mtandao, na mteja haambiwi "tayari" mpaka B nayo iwe imeiandika logi hiyo kwenye diski yake. SQL Server ina vikundi vya upatikanaji vinavyofanya kazi hii tangu toleo la 2012. Chumba kikiungua, nakala nzima ipo chumba kingine.

FUNDI: Binti yangu, kabati langu lina RAID ndani. Kila kilichoandikwa kinaweza kupatikana tena hata diski ikifa.

MSIMAMIZI: RAID inakinga kifo cha diski. Kidhibiti kikiandika takataka, kitaziandika kwa uaminifu uleule kwenye diski zote pacha.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye RAID kwake ni jina tu. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala wakipendekeza diski nyingi za bei nafuu ziunganishwe zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali. Kwa kuwa diski nyingi maana yake ni vifo vingi, ilibidi kila mpangilio uwe na njia ya kuokoa kilichopotea. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski pacha. RAID 5 huitandaza data kwenye diski zote pamoja na pariti, yaani hesabu inayowezesha kukokotoa upya yaliyokuwa kwenye diski moja iliyokufa. RAID 6 huweka pariti mbili na kuvumilia vifo viwili. RAID 10 huitandaza data juu ya jozi za diski pacha. Mkaguzi aliyaona majina haya kwenye karatasi za bei kabla hajayaelewa, na swali lake lilikuwa la haki kabisa.

MKAGUZI: Diski nane za terabaiti 2 kila moja. Kwa RAID 5 mnanipa terabaiti 14, kwa RAID 10 mnanipa 8. Hizo 6 zilizopotea nizielezeje mbele ya bodi?

FUNDI: Hapa mimi na binti yangu hatubishani. Mwanachama akiweka fedha, hifadhidata inabadilisha ukurasa mmoja mdogo wa kilobaiti 8. Kwa RAID 5 kidhibiti kinalazimika kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, kisha kuandika pariti mpya. Kazi nne kwa badiliko moja. RAID 6 ni kazi sita. RAID 10 ni mbili tu, moja kwa kila pacha. Tuchukue diski za kuzunguka zenye uwezo wa kazi 150 kwa sekunde. Nane zina 1,200. Zikiwa zinaandika tu, RAID 10 inakupa 600, RAID 5 inakupa 300, RAID 6 inakupa 200.

MSIMAMIZI: Na diski moja ikifa, Mama, RAID 5 italazimika kuzisoma saba zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kuijenga upya. Hiyo ni terabaiti 14. Watengenezaji wa diski za kawaida za ofisini huandika kwenye katalogi kwamba tutegemee kosa moja lisilosomeka katika kila biti trilioni 100, na biti hizo ni terabaiti 12.5. Kwa hesabu yao wenyewe, kujenga upya kunaweza kukwama njiani. Diski za seva huahidi mara kumi au mara mia zaidi ya hapo, na ndiyo sababu moja ya bei yake kuwa juu. Kwa RAID 10 unasoma pacha mmoja tu, terabaiti 2, basi.

MKAGUZI: Kwa hiyo zile 6 ni bei ya kuandika haraka na ya kupona salama. Hilo nitaweza kulisema. Lakini siku hizi si diski hazizunguki tena?

FUNDI: Kweli, SSD hazina sahani wala mkono wa kusoma, na maumivu ya RAID 5 yanapungua sana. Hayaishi. Kila kuandika kunaila SSD, na pariti inaongeza kuandika. Logi na data nitaziweka kwenye RAID 10. Nakala rudufu zikae RAID 6, maana huko tunaandika mafungu makubwa kwa mfululizo na tunahitaji nafasi.

Mpangilio wa ndani waliumaliza haraka, nami nitaupitia haraka vilevile kwa kuwa haukuwa na ubishi. Logi iwe na diski zake mbali na mafaili ya data: logi huandikwa kwa mstari, kipande baada ya kipande, na kila mteja anaisubiri, data husomwa na kuandikwa huku na kule. Zikichanganywa kwenye diski za kuzunguka, mkono wa diski hukimbia kati ya kazi mbili na logi ndiyo huumia. Diski za SQL Server zifomatiwe kwa bloku za kilobaiti 64, kwa kuwa SQL Server hugawa nafasi kwa mafungu ya kurasa nane za kilobaiti 8. Mwanzo wa sehemu ya diski ulingane na mipaka ya bloku za chini. Zamani Windows Server 2003 ilianzia sekta ya 63, kila fungu likawa linakanyaga bloku mbili, na seva nyingi ziliishi na uzito huo bila mwenyewe kujua. Tangu Windows Server 2008 mwanzo wa kawaida ni megabaiti 1 na tatizo limeondoka. Tempdb, hifadhidata ya kazi za muda ambayo huzaliwa upya kila SQL Server inapowashwa, ikae kwenye SSD ya ndani ya seva. Hata klasta ya diski ya pamoja inaruhusiwa kufanya hivyo tangu toleo la 2012, ili mradi njia ya faili iwe ileile kwenye seva zote mbili.

Kisha Mkaguzi akauliza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lilipaswa kuulizwa kwanza.

MKAGUZI: Keshia akibonyeza, mashine inatoa risiti. Nani ameiambia mashine kwamba fedha zimeandikwa?

MSIMAMIZI: Hifadhidata.

MKAGUZI: Na hifadhidata imeambiwa na nani?

MSIMAMIZI: Mfumo endeshi.

FUNDI: Nao umeambiwa na kidhibiti, na kidhibiti kimeambiwa na diski.

MKAGUZI: Na diski inasema kweli?

FUNDI: Si kila diski, Mama.

Kimya kilichofuata ningekipenda katika kila kikao cha manunuzi. Ndani ya kidhibiti na ndani ya diski yenyewe kuna kache, kumbukumbu ndogo ya haraka inayopokea data kabla haijafika mahali pa kudumu. Kache inaweza kujibu "nimeandika" wakati data bado inategemea umeme. Umeme ukikatika katika nafasi hiyo ndogo, risiti iko mkononi mwa mwanachama na muamala haupo popote. Kwa sisi ambao jenereta huchukua muda kuitikia na betri za UPS huzeeka bila kukaguliwa, hii ni hatari ya kawaida kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na maabara za HP walieleza walivyozikatia umeme kwa makusudi SSD 15 zikiwa kazini. Katika hizo, 13 zilionyesha hitilafu: data iliyoharibika, maandishi yaliyopotea baada ya kuthibitishwa, hata kifaa kilichokufa moja kwa moja.

FUNDI: Ndiyo maana kwenye orodha yangu nimeandika masharti mawili ambayo muuzaji atajaribu kuyaruka. Kidhibiti kiwe na betri au kumbukumbu isiyotegemea umeme kwa ajili ya kache yake. SSD ziwe zenye kapasita za kuhifadhi umeme wa kumalizia, ili pawa ikikatika ziweze kumwaga kilichomo kwenye kache. Zaidi ya masharti hayo, kache ya diski zisizo na ulinzi huo izimwe. Zitakuwa nzito zaidi, lakini jibu lake litakuwa la kweli.

MSIMAMIZI: Mimi naongeza kwamba hata diski ikisema kweli, wa katikati anaweza kuupotosha ujumbe. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua jambo lililowashtua. Hifadhidata yao huuomba mfumo endeshi, kwa amri ya fsync, uhakikishe data imefika diskini. Kwenye Linux, amri hiyo ikishindwa mara moja, kurasa zilizoshindwa kuandikwa zilihesabiwa kuwa safi. Hifadhidata ikiomba tena inajibiwa kwamba mambo ni sawa, na data haikufika kamwe. Kwa miaka mingi programu ile ilijengwa juu ya dhana kwamba kurudia ombi kunatosha. Matoleo ya Februari 2019 yalibadilisha mwenendo: fsync ikishindwa, PostgreSQL inajizima yenyewe papo hapo na kujijenga upya kutoka kwenye logi.

MKAGUZI: Inajizima? Na nyinyi mnataka mfumo usiozimika.

MSIMAMIZI: Ndiyo, Mama. Inajizima ili isidanganye. Seva ya pili ipo kwa ajili hiyo.

Naungana naye bila kusita. Neno "upatikanaji" limewafanya watu wengi wapime klasta kwa saa inazokaa wazi, wakati mwanachama wa chama hana haja na mfumo ulio wazi unaomwonyesha salio la uongo. Tangu hapa ubishi wa kabati moja au diski mbilimbili ulipata kipimo chake: nani anaweza kusema "imeandikwa" na akaaminiwa, na akifa, nani mwingine alilisikia neno hilo.

FUNDI: Haya, tulitumie basi. Kwa mpango wangu anayesema ni mmoja, kabati. Kwa mpango wako wanasema wawili, na wawili wanaweza kupishana. Kumbuka yaliyowapata GitHub tarehe 21 Oktoba 2018. Walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichochoka, mawasiliano na kituo chao cha data cha mashariki mwa Marekani yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu! Programu inayosimamia MySQL zao ikahesabu kura, ikahamishia uongozi pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo magharibi haikuyaona, na magharibi kulikuwa na maandishi ya dakika karibu 40 ambayo mashariki haikuyajua. Huduma ilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11 wakizipatanisha nakala. Kabati moja haliwezi kuwa na ugonjwa huo.

MSIMAMIZI: Ni kweli, Mzee. Lakini tazama ugonjwa ulipoingilia. Nakala zao za pwani mbili hazikuwa zikisubiriana: mashariki iliwaambia wateja "imeandikwa" kabla magharibi haijaandika. Mimi nakuambia A imsubiri B kwanza.

FUNDI: Na B ikiwa Dodoma?

Swali hilo lina fizikia ndani yake. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia huongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, na nyuzi hazifupishi safari. Milisekunde nne na nusu kabla hujahesabu vifaa vya njiani, zikiongezwa kwenye kila muamala ambao diski ya ndani ingeumaliza chini ya milisekunde moja. Kwa keshia mmoja si kitu. Kwa kazi ya usiku inayokokotoa riba za wanachama wote, muamala baada ya muamala, ni tofauti ya kumaliza kabla ya kucha au kukutana na matawi yakifunguliwa.

MSIMAMIZI: B ikae Dar es Salaam hii hii, jengo jingine, umeme mwingine. Hiyo ndiyo inayosubiriwa. Dodoma tupeleke logi kila baada ya muda mfupi bila kusubiri, na Mama aandike kwenye ripoti yake kwamba siku Dar es Salaam nzima ikizimika tunaweza kupoteza dakika kadhaa za mwisho. Iandikwe sasa, siyo siku hiyo.

MKAGUZI: Na kura? Mmesema kule Marekani programu ilihesabu kura. Hapa seva ni mbili. Moja ikisema nyingine imekufa, na ya pili ikasema hivyo hivyo?

FUNDI: Hapo lazima awepo shahidi, Mama. Bila kura ya tatu hakuna akidi. Mtandao kati yao ukikatika, kila seva inaona mwenzake kafa, na zote mbili zikijitangaza kuwa wamiliki, data inaharibika. Kwa diski ya pamoja shahidi ni diski ndogo ndani ya kabati, na kabati lenyewe linaweka kufuli ya umiliki, hata seva iliyochanganyikiwa inakataliwa kuandika. Kufuli hiyo ni nguvu ya mpango wangu ambayo wewe huna.

MSIMAMIZI: Sina, nakubali. Kwangu shahidi atakuwa folda kwenye mashine ya tatu, na mashine hiyo iwekwe tawi jingine kabisa. Nimeona klasta ambayo shahidi wake alikuwa raki moja na seva A. Raki ilipozimika, kura mbili ziliondoka pamoja, na B iliyokuwa nzima ikajifunga kwa kukosa akidi.

Katika hatua hii Fundi alikuwa anaongoza, na ningekuwa mkaguzi wa haki ningemwandikia alama. Mpango wake ni mwepesi kuuendesha. Watumiaji, nywila zao na kazi za usiku zilizopangwa huishi ndani ya SQL Server yenyewe. Diski ikihama, vyote vinahama nayo. Kwenye vikundi vya upatikanaji, hifadhidata ndiyo inayonakiliwa, na hayo mengine ilibidi mtu ayanakili kwa mkono au kwa skripti hadi lilipokuja toleo la 2022 na namna ya kuyabeba. Wanaosahau hugundua siku ya kuhama, mfumo uko hai kwenye B na hakuna mtu anayeweza kuingia. Chama chenye msimamizi mmoja wa hifadhidata kinapaswa kuupima uzito huo kwa makini.

Kilichogeuza mizani ni vifo vinavyokuja pamoja.

MSIMAMIZI: Mzee, kabati lako lina diski ngapi, na zilinunuliwa lini?

FUNDI: Ishirini na nne. Siku moja, bila shaka. Zinakuja ndani ya kabati.

MSIMAMIZI: Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake zina kosa kwenye programu ya ndani. Zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, zinakufa, na data haiponyeki. Ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Ambaye hakuwahi kuweka programu iliyorekebishwa, na ambaye diski zake zote ziliwashwa asubuhi moja, zingemfia saa moja. RAID 10 ingesaidia nini? Kidhibiti cha pili kingesaidia nini? Machi iliyofuata likatangazwa kosa jingine kama hilo, la saa 40,000.

FUNDI: Na seva zako mbili zitakuwa na diski za siku moja pia.

MSIMAMIZI: Zisiwe. Hilo naweza kulipanga, wewe huwezi. Diski za A zinunuliwe kwa mtengenezaji mmoja, za B kwa mwingine. Wakikosea, hawatakosea kwa saa moja.

Fundi hakujibu haraka. Anajua takwimu zinavyokwenda. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson, yuleyule wa makala ya RAID, walichambua kumbukumbu za diski takriban 100,000. Katalogi ziliahidi vifo visivyofika asilimia 1 kwa mwaka, ilhali diski zilizobadilishwa kwa kawaida zilikuwa asilimia 2 hadi 4, na mahali pengine 13. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa diski milioni 1.53 kwa miezi 41 ulikuta zaidi ya mara 400,000 ambapo data iliyosomwa haikulingana na hesabu ya uhakiki wake. Hapo diski haikufa wala kulalamika. Ilirudisha kitu ambacho sicho. SQL Server huweza kuugundua uharibifu wa namna hiyo kwa hesabu ya uhakiki ya kila ukurasa, lakini kuugundua hakutoshi kama nakala ni moja. Penye nakala mbili, ukurasa ulioharibika kwenye A huweza kuombwa kutoka B na kurekebishwa wenyewe.

FUNDI: Haya. Nakala mbili, diski za watengenezaji wawili. Sasa nami nina sharti. Mtu akifuta jedwali la akiba za wanachama kwenye A kwa bahati mbaya, B inafanya nini?

MSIMAMIZI: Inalifuta pia. Papo hapo.

FUNDI: Basi nakala yako si nakala rudufu, Mama alisikie hilo vizuri. GitLab, Januari 31, 2017. Seva ya pili ya PostgreSQL ilikuwa imebaki nyuma, mhandisi akataka kuijaza upya, akafuta folda ya data kwenye seva isiyo yenyewe. Ilikuwa ile kuu. Gigabaiti kama 300, zikabaki 4.5 alipoikatisha amri. Wakakimbilia nakala rudufu, wakakuta zilikuwa zimeshindwa kwa muda: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 na hifadhidata ya 9.6, na barua za onyo hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni taswira ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

MKAGUZI: Nakala zetu sisi zinajaribiwa?

MSIMAMIZI: Zitajaribiwa. Leseni ya Standard, ambayo ndiyo tunayoweza kuilipa, inatupa tangu toleo la 2016 kikundi cha msingi: seva mbili, hifadhidata moja kwa kila kikundi, na B hairuhusiwi kusomwa. Siwezi hata kuikagua data nikiwa B. Kwa hiyo kila wiki nitairejesha nakala rudufu kwenye mashine ya tatu na kuendesha ukaguzi wa uzima wa hifadhidata huko. Kazi moja inathibitisha mambo mawili: nakala inarejesheka, na kurasa zake ni nzima. Diski za nakala hizo zisiwe ndani ya A wala B, na akaunti inayosimamia klasta isiwe na ruhusa ya kuzifuta.

MKAGUZI: Limebaki moja linalonisumbua. Umesema A inaisubiri B kabla ya kutoa risiti. B ikiwa imezimwa kwa matengenezo, keshia anasubiri mpaka lini?

MSIMAMIZI: Kwa kawaida sekunde 10. Baada ya hapo A inahesabu kwamba B haipo na inaendelea peke yake.

FUNDI: Kimyakimya.

MSIMAMIZI: Kwa keshia, kimyakimya. Tangu toleo la 2017 kuna mpangilio wa kuikataza: B isipokuwepo, A inakataa kuthibitisha muamala wowote. Ukiuwasha, ajali ya B inasimamisha matawi yote. Ukiuzima, kuna saa ambazo risiti zetu zinasimama juu ya nakala moja.

FUNDI: Mimi ningeuwasha. Tumetoka kuzungumza saa nzima kuhusu kusema kweli.

MSIMAMIZI: Mimi ningeuzima, na kengele ilie kwenye simu yangu na yako ndani ya dakika moja. A ikiwa peke yake bado ina RAID 10 na SSD zenye kapasita. Haijadanganya, imepungukiwa shahidi tu. Kufunga matawi yote kwa sababu seva ya akiba imezimwa, mwanachama anayetaka fedha za hospitali hatatuelewa.

Hapa mimi niko upande wa Msimamizi, kwa masharti ya kengele hiyo kweli kulia na mtu kweli kuamka. Benki inayohamisha mabilioni ingeweza kuchagua alivyochagua Fundi, na isingekuwa imekosea.

MKAGUZI: Hilo hamtaliamua nyinyi wawili. Niandikieni ukurasa mmoja, mambo yote mawili na hasara zake, bodi ichague na isaini. Na malipo ya diski?

FUNDI: Asilipwe muuzaji kabla ya jaribio. Mashine ya tatu inaandika safu zenye namba mfululizo kwenye A, na kila inapojibiwa "imeandikwa" inaitunza namba hiyo kwake. Nami nachomoa waya wa umeme wa A, siyo kuizima kwa amri. Tunaangalia B ina namba hadi ipi. Kisha tunaiwasha A ikiwa peke yake na kuangalia yenyewe ina hadi ipi. Kisha tunageuza, nachomoa B. Namba moja iliyothibitishwa ikikosekana, diski zinarudi dukani.

MSIMAMIZI: Na tulirudie kila tunapobadilisha programu ya ndani ya diski au ya kidhibiti.

MKAGUZI: Nitakuwepo. Karatasi ya namba hizo nitaibandika nyuma ya hati ya malipo.